Beti za Andal: kwa nini alfajiri?

Swali: Wadau, nafundisha ushairi sekondari. Nasikia tungo za Andal, mshairi wa kale wa Kitamil, lugha ya kusini mwa India, bado zinaimbwa mahekaluni. Zinaimbwa lini, na kwa nini alfajiri?

Jibu: Mwalimu, shikamoo. Nilisoma Chennai, mji wa kusini mwa India. Mwezi wa Margazhi, katikati ya Desemba hadi katikati ya Januari, huimbwa shairi lake Tiruppavai: beti 30, kila siku na ubeti wake, jua halijachomoza. Katika shairi lenyewe wasichana wanagongeana milango, waamke wakaoge, wamwendee mungu Krishna. Ndiyo sababu ya alfajiri. Mtaani kwetu wanawake walikuwa wameinama vizingitini wakichora kolam, yaani mapambo ya chini, kwa unga wa mchele, na watoto wadogo wanaziimba kwa ghibu! Hilo lilinigusa kuliko minara yote ya mahekalu.

Jibu: Nyongeza: kati ya Alvar 12, washairi watakatifu wa mungu Vishnu (Krishna ni umbo lake), mwanamke ni Andal peke yake. Husimuliwa kwamba alijivika shada la maua kabla halijapelekwa kwa Vishnu, na Vishnu akalitaka hilo hilo alilolivaa.

Muulizaji: Marahaba, asanteni sana. Nani alizikusanya tungo za Andal?

Jibu: Nathamuni, mwanazuoni wa dini ya Vishnu, pamoja na za Alvar wengine. Mkusanyiko huo huitwa "Elfu Nne", kwa hesabu ya beti zake.