Albamu ipi ya miaka ya 1970 husikilizwa yote bila kuruka wimbo?

Swali: Ndugu wapenzi wa muziki, naomba kila mmoja ataje albamu moja tu, pamoja na sababu. Yangu ni "What's Going On" ya Marvin Gaye (1971), kwa kuwa nyimbo zake tisa zinashikana kama mazungumzo ya mtu mmoja, na wimbo wa mwisho unapokaribia kuisha, maneno ya ule wa kwanza yanarudi.

Jibu la 1: Uteuzi wako ni mzuri, lakini mimi nasimama na "Songs in the Key of Life" ya Stevie Wonder (1976). Nakiri kwamba ni ndefu mno, maana santuri mbili hazikutosha hadi ikaongezwa ndogo yenye nyimbo nne. Hata hivyo, sijui ningepunguza wimbo gani.

Jibu la 2: Urefu huo ndio unaonichosha. "Exodus" ya Bob Marley na The Wailers (1977), iliyorekodiwa London baada ya yeye kupigwa risasi na kunusurika kifo huko Jamaika mwaka uliotangulia, ina nyimbo kumi tu. Sikiliza jinsi wimbo wa kwanza unavyoingia polepole, sauti ikipanda kutoka kimyani, kana kwamba bendi inakuja kwa miguu kutoka mbali.

Muulizaji: Mwanzo huo nimeurudia mara tatu sasa hivi. Kuhusu Stevie, bado nasema upande mmoja ungepunguzwa.