Tupeane uzoefu: ndege, kindi na maua hapa nyumbani

Jirani_SouthB: Wasee, jakaranda ya ng'ambo ya geti imechanua, chini ni zambarau tupu. Leo asubuhi ndege chozi mmoja ametua kwa alovera yangu hapa balkoni, ameingiza mdomo ndani ya ua, mgongo unang'aa kijani. Nimesimama na chai mpaka ikapoa. Marehemu shosho alikuwa akiona jakaranda imemwaga maua anatoa mbegu za maharagwe, mvua ya Oktoba iko karibu. Nyinyi mmeona nini kwenu?

MamaTatu_Buru: Aki umenigusa. Ule mwaka wa korona nilikuwa na bogenivila imeparamia ukuta wote, na ndani shore wametaga, wale wa kichwa cheusi na manjano chini ya mkia. Makinda watatu wakatoka, hawana hata unyoya, kila nikipita midomo wazi. Jumamosi nikaenda Muthurwa na sikumwambia kijana wa shamba kuna kiota. Kurudi nakuta bogenivila yote imekatwa imerundikwa kando ya pipa, na yeye anafagia vizuri akingoja nimwambie asante. Nilipekua hiyo miiba mpaka mikono ikatoka damu, nikapata mmoja tu akiwa hai. Na wazazi wako juu ya kamba ya nguo, kila mmoja na mdudu mdomoni, wanaangalia ukuta. Mmoja anashuka anatua pale pale palipokuwa kiota, anaita, anarudi kwa kamba na mdudu wake. Hivyo mpaka giza likaingia. Kijana sikumkaripia, ni mimi sikusema. Yule mmoja nilimweka kwa kiondo kidogo nikafunga kwa mpera, na asubuhi wakaja kumlisha.

Otis254: Pole mathe. Hapo kwa kamba nimeshindwa kuendelea kusoma.

Kamaa_Mwiki: Lakini hukufaa kumshika na mkono, ndege akinusa mtu anasusa mtoto.

SojaMstaafu: Kamaa soma mpaka mwisho, si amesema walikuja kumlisha? Hiyo ya harufu tuliambiwa utotoni tusichezee viota. Kinda akianguka mrudishe, wazazi hawamwachi kwa sababu ya mkono wako.

Avokado_NgongRd: Kwangu shida ni kindi. Anauma avokado moja mara mbili anaiacha, anaenda kwa nyingine. Nisaidieni.

Otis254: Pakaa pilipili kwa shina.

Jirani_SouthB: Ukipakaa mvua inaosha. Ning'iniza sidii kuukuu.

SojaMstaafu: Sidii anazizoea kwa wiki. Mwachie matunda ya juu wewe uchukue ya chini, huo mti ni wenu wote.

Dada_wa_Leeds: Niko Uingereza mwaka wa sita, huku kindi wa kijivu wanafukua vitunguu vya maua ya tulipu na krokasi usiku baada ya kupanda. Dafodili hawagusi, zina sumu. Na hao kindi si wa huku, waliletwa kutoka Marekani karne ya 19, wakawasukuma wale wekundu wa kienyeji. Mwezi wa nne nikiona mbayuwayu wamefika huku najua wanatoka Afrika, na huwa najiuliza kama kuna mmoja amepita juu ya kwetu Kayole. Machozi hunitoka.

BabaNeema_Kasarani: Ngojeni niwaambie. Mtoto wangu alikuwa na miezi minane, tumemtandikia mkeka chini ya mwembe, mama yake ameingia kutoa ugali kwa moto. Mara shore na mnana wakaanza kelele, si kuimba, ni kelele, wote wanarukia tawi moja. Nikatoka nione. Nyoka wa kijani amenyoosha kichwa, mkeka uko chini yake kabisa. Nilimnyakua mtoto hata sikumbuki nilivyofika. Bila hao ndege ningekuwa ndani nasikiliza redio. Tangu siku hiyo mtu akija na manati kwa boma yangu tunakosana.

Kamaa_Mwiki: Na nyoka ulimuua?

BabaNeema_Kasarani: Jirani alimuua.

SojaMstaafu: Makosa. Alifuata mayai, hakumfuata mtoto. Piga simu KWS, watu wa wanyamapori.

Kamaa_Mwiki: Mzee wangu, na heshima zote, mtoto yuko chini ya mti na wewe unasema ungoje simu?

SojaMstaafu: Mtoto ulishamchukua. Baada ya hapo kuua ni hasira tu.

Otis254: Mimi ningekuwa nimefika Thika.

Avokado_NgongRd: Basi turudi kwa ndege. Anayetaka kujua majina aende makumbusho ya Nairobi Jumatano asubuhi, kuna matembezi ya kutazama ndege tangu 1971, na hata kama hujui chochote wanakuonyesha.

MamaTatu_Buru: Nitaenda na yule kijana. Bado yuko kwangu. Bogenivila ilichipuka tena, na siku hizi kabla ashike makasi anainama anachungulia ndani, halafu ananiita, "Mama, leo tukate upande wa huku tu, kule kuna mtu."