Kisima cha kwanza kimetoka kikavu Chamwino, sasa naambiwa nipime kwa mtetemo. Nilipe?

Mkulima wa Zabibu
Wakuu, shikamooni wakubwa, wengine habari zenu.
Nina ekari sita za zabibu huku Chamwino, Dodoma. Mwaka jana nilileta watu wa sevei, wakachomeka vyuma vyao vya umeme sehemu moja tu, wakapigilia kigingi, wakasema maji yapo mita 70. Mtambo ulishuka mpaka 110. Vumbi tupu. Na mita zote nimezilipia, maana mtambo haujali umepata nini.
Sasa kijana mmoja ananiambia niachane na umeme, nitumie mawimbi ya mtetemo: wanapiga ardhi kwa nyundo, kompyuta inaonyesha maji yako wapi na yanaelekea wapi. Bei yake karibu mara tatu ya ile ya kwanza. Kuna aliyewahi kuitumia?

Jiwe la Msingi
Pole sana mkuu. Vumbi lilikuwa rangi gani, na lilibadilikia mita ya ngapi?

Mkulima wa Zabibu
Kahawia mpaka kama mita 14, kuanzia hapo kijivu hadi mwisho.

Jiwe la Msingi
Basi mligonga graniti nzima mapema, na graniti nzima haina pa kuweka maji. Huko kwenu maji hukaa kwenye mwamba uliooza ulioilalia graniti, na kwenye mipasuko iliyo chini yake. Unatafuta mahali palipooza kwenda chini sana, na kwa kazi hiyo mtetemo unafaa. Wanapanga jiofoni 24 (vifaa vidogo vya kusikia mtetemo wa ardhi) kwenye mstari, wanapiga nyundo kwenye bamba la chuma, wanasoma wimbi limefika kila jiofoni baada ya muda gani. Kwenye udongo mkavu linakwenda mita 300 hadi 700 kwa sekunde, kwenye graniti nzima hata 5,000. Kwa tofauti hiyo wanajua mwamba mgumu umezama kiasi gani.
Ila hiyo ya maji yanaelekea wapi, kijana kakuongezea chumvi. Mtetemo unasoma ugumu wa ardhi. Mwelekeo wa maji unapatikana kwa kupima usawa wa maji kwenye visima vitatu au zaidi, ukijua na mwinuko wa kila mdomo wa kisima.

Fundi Mtambo
Hela ya mtetemo ongezea uchimbe kisima cha pili. Au muite mzee wa kijiti, yule anayetafuta maji kwa fimbo, bei yake ni kuku mmoja.

Jiwe la Msingi
Wewe unalipwa kwa mita mkuu, hata kijiti kikikosea umekula 😂

Binti Jiolojia
Naongezea tahadhari mbili. Udongo au mchanga uliojaa maji husoma karibu mita 1,500 kwa sekunde, na mfinyanzi uliolowa husoma hivyohivyo, wakati mfinyanzi hautoi maji ya kumwagilia. Waambie wapime na mawimbi ya pembeni, yale yasiyopita ndani ya maji: udongo ukilowa, wimbi la kawaida, lile linalofika kwanza, linaongeza kasi sana, la pembeni linabaki karibu palepale. Hata hivyo mfinyanzi utautofautisha na mchanga kwa umeme, kwa hiyo umeme usiutupe. Kosa la mwaka jana ni kupima nukta moja badala ya mstari.
Ya pili: Dodoma kuna sehemu zenye gamba la chokaa ngumu karibu na juu. Likiwepo, tabaka laini lililo chini yake linafichika kabisa, kwa sababu njia hii inataka kasi iongezeke kadiri unavyoshuka.

Mkulima wa Zabibu
Nyundo inafika kina gani?

Binti Jiolojia
Jiofoni 24 kwa nafasi ya mita 5 ni mstari wa mita 115. Kina chake ni kama robo au humusi ya hapo, yaani mita 23 hadi 29. Mpasuko wa mita 80 hutauona.

Jiwe la Msingi
Na hilo tundu lako kavu ni mtihani wa bure. Mstari wa kwanza upite juu yake, wala usiwaambie vumbi lilibadilika wapi. Wakikuletea mwamba kwenye mita 14 au karibu na hapo, endelea nao. Wakikuletea 30, walipe nauli waondoke.

Binti Jiolojia
Usisahau na mvua. Visima vya Makutupora, karibu na Dodoma mjini, vina kumbukumbu za usawa wa maji za zaidi ya miaka 50, na zinaonyesha maji hurudi kwa wingi misimu michache tu ya mvua kubwa kama El Niño ya 1997/98. Kisima kikijaa mwaka wa mvua kisikudanganye.

Mkulima wa Zabibu
Ahsanteni sana. Nimewapigia: wamekubali kupita juu ya tundu, na umeme watapima kwenye mstari uleule, bei wamepunguza kidogo. Wanakuja Jumamosi.

Fundi Mtambo
Waanze alfajiri basi. Upepo wa Dodoma ukishaamka na malori yakianza kupita, hizo jiofoni zitasikia kila kitu isipokuwa nyundo.