Tairi gani linafaa kwa njia zako? Wapanda pikipiki tupeane uzoefu

Wakuu, habari za majukumu.

Masika yanakaribia, na vijiweni swali ni lilelile: tairi lipi linadumu? Naona swali hilo linatupotosha. Tairi lililodumu kwenye lami kavu ya Dodoma linaweza kukulaza chini kwenye tope la Lushoto, na lile la meno makubwa linaisha upesi ukilitembeza lamini kutwa. Kwanza jua unapita wapi siku nyingi na unabeba nini, bei ifuate.

Mimi ni bodaboda, Morogoro mjini, natumia Boxer. Saizi ya tairi mbele ni 2.75-17, nyuma 3.00-17. Jambo ninalolisimamia ni tairi la mbele. Wenzangu wengi hubadilisha la nyuma tena na tena, la mbele wakaliacha hadi linakuwa kipara, eti halivuti mzigo. Ukifunga breki, uzito mwingi unakimbilia mbele. La nyuma likiteleza mara nyingi unaweza kuituliza pikipiki. La mbele likiteleza kwenye kona, umeshaanguka. Kwa hiyo fedha ikiwa ya tairi moja tu, na yote mawili yamechoka, mimi naanza na la mbele.

Karibuni. Semeni njia zenu, tairi mnalotumia, na dalili gani inawaambia sasa basi.

Kutoka Lushoto, mbeba mboga

Mkuu umenena. Mimi nashusha karoti na kabichi kutoka vijijini hadi Soni. Huku juu ni udongo mwekundu, ukilowa ni sabuni. Nyuma nafunga tairi la meno yaliyoachana, kwa sababu tope linahitaji pa kutokea. Meno yaliyobanana yanajaa udongo, na baada ya hatua chache unazunguka palepale.

Ila ile lami ya kushuka Mombo ina kona nyingi, na meno marefu hucheza chini ya mzigo. Unaisikia pikipiki inayumbayumba kila ukilaza. Ndiyo maana mbele naweka la kati: meno mafupi, ya katikati yameungana. Linashika lami vizuri na tope la kawaida linalimudu.

Kuhusu kupunguza upepo ili tairi lishike tope: nikiwa sina mzigo napunguza kidogo. Nikiwa na mzigo, hapana. Tairi lenye upepo mdogo huteleza juu ya rimu, linaivuta tyubu, mwisho valvu inang'oka. Ukiona valvu imeanza kulala upande, simama urekebishe hapohapo.

Kutoka Mbagala, bodaboda

Kwetu adui ni mafuta yaliyomwagika na mchanga juu ya lami. Tairi la mistari linanitosha. Kinachoua matairi ya vijana hapa kijiweni ni upepo. Boxer yangu naweka PSI 25 mbele (PSI ndiyo namba ya kipimo cha upepo). Nyuma 28 nikiwa peke yangu, 32 nikiwa na abiria. Napima asubuhi kabla sijawasha. Mchana tairi likichemka kipimo kinapanda chenyewe, usiutoe huo upepo, maana likipoa utabaki na pungufu.

Kutoka Kilombero, bwana shamba

Natembelea Honda XL, mbele rimu ni inchi 21, nyuma 18. Watu huniuliza kwa nini gurudumu la mbele ni kubwa hivyo. Kwenye mashamba ya mpunga njia ni mitaro na mashimo, na gurudumu kubwa linapanda ukingo wa shimo badala ya kudumbukia. Kwa udongo mweusi wa huku ni meno makubwa mbele na nyuma, sibishani na mtu. Nikiitwa mkoani naenda taratibu, hasa mvua ikiwa inanyesha lamini, kwa sababu mpira unaogusa barabara ni kidogo sana.

Kutoka Iringa, msafiri wa masafa

Safari zangu ni lami ndefu. Dalili yangu ni umbo la tairi, hata kabla ya kina cha mistari. Ukitembea sana barabara iliyonyooka, tairi la nyuma linalika katikati na kuwa bapa, mabega yanabaki. Ukifika kona za Kitonga pikipiki inagoma kulala, halafu ghafla inalala yote kwa mkupuo. Nikianza kusikia hivyo nanunua jipya, hata kama mistari bado ipo.

Halafu jipya lina utelezi wa kiwandani. Kilomita 150 za mwanzo sikati kona kwa kasi wala kufunga breki za ghafla.

Kutoka Kahama

Wakuu, hapa kuna matairi ya kuchonga, bei nusu. Yanafaa kwa bodaboda?

Kutoka Singida, fundi pancha

Ndugu yangu wa Kahama, usinunue. Anayechonga hakuongezei mpira, anakata ule mwembamba uliobaki juu ya nyuzi. Nimeyafungua mengi, ndani unaona nyuzi zimeshavimba. Likipasuka na abiria mgongoni utalaumiwa wewe.

Dukani soma ubavu wa tairi. Tarakimu nne za mwisho kwenye mstari unaoanza na herufi DOT ni tarehe ya kutengenezwa: 2321 ni wiki ya 23 ya mwaka 2021. Tairi linaweza kuwa halijatumika na mpira umeshakauka kwa kuanikwa juani. Likunje kidogo, ukiona nyufa ndogondogo liache. Angalia na mzigo. Kwenye 3.00-17 ukikuta 50P, hiyo 50 ni kilo 190, P ni spidi ya mwisho, kilomita 150 kwa saa. Sasa piga hesabu ya mshikaki: dereva na abiria wawili wa kilo 70 ni 210, pikipiki yenyewe zaidi ya 100, na sehemu kubwa ya uzito huo imelalia nyuma. Tairi limeshazidiwa kabla hujakutana na shimo.

Ukibadilisha tairi, badilisha na tyubu. Ya zamani imeshatanuka, ukiirudisha inajikunja na mkunjo unatoboka. Kwenye rimu ya spoki angalia pia ule mkanda wa mpira unaofunika vichwa vya spoki. Ukikatika, spoki zinakula tyubu. Na mshale wa ubavuni uelekee mzunguko wa kwenda mbele. Nimeona matairi ya meno yamefungwa kinyume, mwenyewe analalamika tope linamshinda.

Kutoka Kahama

Asante fundi. Na nitajuaje kwamba la sasa limefika mwisho?

Kutoka Singida, fundi pancha

Tafuta herufi TWI ubavuni, karibu na bega. Kutoka hapo ingia kwenye mfereji, utakuta kinundu kidogo cha mpira. Mistari ikilingana na kinundu, muda wake umekwisha. Angalia sehemu kadhaa, kwani tairi huweza kuisha upande mmoja. Na ukikuta nyuzi zinachungulia mahali popote, au ubavu umetoa uvimbe, hilo usilitembelee hata kwenda dukani, ikokote pikipiki.