Kadi ya grafiki: unalipia mambo mapya ya mbele au RAM ya kutosha leo?

Kijana_wa_Keko: Wakuu habari za muda huu. Nataka kadi ya kukaa nayo miaka minne mitano, skrini yangu 1440p, nipo kati ya RTX 5060 Ti ya Nvidia yenye RAM ya 8GB na RX 9060 XT ya AMD yenye 16GB. Muuzaji ananivutia kwenye Nvidia sababu ya DLSS 4 (akili bandia inayokuza picha ndogo iwe kubwa) na kuzalisha fremu (kadi inabuni picha za katikati), anasema gemu zote zinaelekea huko. Nimsikilize?

MzeeFremu: Mkuu kumbuka 2018. RTX 2080 ilikuja na 8GB, kasi karibu sawa na GTX 1080 Ti ya 2017 yenye 11GB, watu wakaambiwa walipie rei tresingi (mwanga na vivuli vinavyokokotolewa kama vya kweli). Siku inaingia sokoni hakuna gemu hata moja ya kuiwashia, Battlefield V ikaja Novemba na ukiwasha fremu zinashuka vibaya. DLSS ya kwanza picha ilikuwa na ukungu mpaka 2.0 ya Machi 2020 ndo ikaeleweka.

bintiwaPC: Malizia basi na upande wa pili. Mwenye 2080 leo anatumia DLSS 4 ya kukuza picha, Nvidia wameishusha kwa RTX zote kuanzia 20, na Indiana Jones and the Great Circle ya Desemba 2024 haifunguki bila rei tresingi ya kwenye chipu, DOOM: The Dark Ages nayo hivyohivyo. 1080 Ti hapo imebaki nje.

MzeeFremu: Sawa dada, lakini hiyo ni miaka sita! Na gemu za hivyo 2080 inazicheza kwa kushusha ubora wa picha. Aliyetaka rei tresingi angesubiri RTX 3060 ya 2021, 12GB, dola 329.

Fundi_Sola: Muuzaji hajakwambia kwamba kuzalisha fremu kunataka fremu halisi za kutosha kwanza. Kama gemu inaenda 30 ukaipandisha 100, macho yataona ulaini ila mausi itajibu kizito vilevile, halafu hiyo kazi yenyewe inakula RAM ya kadi, ambayo kwenye 8GB ndo hiyohiyo imeshajaa, ikijaa data inahamia RAM ya kompyuta na hapo ndo gemu inaanza kukwamakwama na teksicha kuwa mbovu. Draiva inaweza kukuongezea vitu baadaye, RAM imechomelewa kwenye bodi, haiongezeki. Mazabodi yako ipi?

Kijana_wa_Keko: B450, na Blender (programu ya 3D) nagusa kidogo wikendi.

Fundi_Sola: Basi hiyo ni PCIe 3.0, yaani muunganiko wa kadi na bodi wa kizamani, wa taratibu. 5060 Ti inapitisha data kwa njia 8 tu, 9060 XT inatumia 16, kwa bodi ya zamani 8GB ikijaa data inapita hapo pembamba, utaumia mara mbili.

bintiwaPC: Blender ni suala jingine kaka, kwenye Cycles (injini yake ya kutoa picha) Nvidia iko mbele saivi, hiyo sio ahadi. Ila sini (mandhari unayoitengeneza) ikizidi 8GB pia ni shida. Ukiwa siriasi na Blender ongeza hela uchukue 5060 Ti ya 16GB, ilitangazwa dola 429. Kama ni gemu, 9060 XT 16GB, iliyotangazwa dola 349, inatosha kabisa, FSR 4 (mbadala wa AMD wa DLSS) inayo, japo gemu zenye DLSS ni nyingi zaidi.

MzeeFremu: Hapo nakubaliana na dada. Na dukani soma boksi, kadi zote mbili zina toleo la 8GB na la 16GB kwa jina lilelile.

Kijana_wa_Keko: Naenda na 9060 XT 16GB. Asanteni sana wakuu, Jumamosi naifuata.