Mjadala: Heinrich George apewe heshima yake yote, au na kazi alizowafanyia Manazi, watu wa chama cha Hitler, zihesabiwe?

MLETA MADA
Wakuu habari za jioni. Juzi nilibishana na jamaa yangu mpaka chai ikapoa, nikasema hili nalileta hapa tulijadili vizuri. Kuna mwigizaji wa Kijerumani anaitwa Heinrich George, kazaliwa 1893 mji wa Stettin ambao leo uko Poland, jina lake la kuzaliwa ni Georg Schulz. Kwa Wajerumani huyu ni mmoja wa wakubwa kabisa waliowahi kupanda jukwaani. Jamaa yangu anasema msanii ahukumiwe kwa kipaji chake basi, siasa weka pembeni. Mimi nakataa, na nitasema kwa nini.

Kwanza kipaji, maana sitaki mtu aje aseme namchukia tu. Kama umewahi kuona ile filamu bubu ya Metropolis ya 1927, yule msimamizi wa mashine mwenye mwili kama gunia la mahindi lililosimama ndiye yeye. 1931 akawa Franz Biberkopf kwenye Berlin Alexanderplatz, mfungwa aliyetoka jela anataka aishi maisha ya halali na jiji halimpi nafasi. Mtu mnene, shingo fupi, anatembea mzito, halafu ghafla sauti inashuka inakuwa ya mtoto. Sura ya kupendwa na mabinti hakuwa nayo kabisa, lakini ukimtazama huwezi kuangalia mtu mwingine kwenye skrini. Na miaka hiyo alikuwa karibu na watu wa mrengo wa kushoto, alifanya kazi na akina Piscator, yule mwongozaji wa maigizo.

Sasa 1933 Hitler anaingia madarakani. Mwaka huohuo George anacheza Hitlerjunge Quex, filamu ya kuwavuta vijana waingie chama. Yeye ni baba mlevi, mkomunisti. Kuna sehemu anamsikia mwanae anaimba wimbo wa vijana wa Hitler, anamwendea, anamlazimisha aimbe wimbo wa wafanyakazi huku anampiga makofi, kofi moja kila mtoto anapokwama, na mtoto anaimba huku analia. Nimeiangalia mara mbili ile sehemu na inaumiza, kwa sababu anaicheza kweli, na ukweli wake ndio unakufanya umchukie mkomunisti umpende mtoto wa Hitler. Kipaji kile ndicho kilichofanya kazi pale, kwa hiyo nikiambiwa nitenganishe kipaji na siasa nauliza nikate wapi?

1940 akacheza mtawala kwenye Jud Süß, filamu ya kuchochea chuki dhidi ya Wayahudi, watu milioni 20 hivi waliitazama na Himmler, mkuu wa SS, kile kikosi cha Manazi, aliagiza SS na polisi wote waione. Mpaka leo Ujerumani haionyeshwi hivihivi, lazima kuwe na maelezo kabla na mazungumzo baada. Na 30 Januari 1945, vita vimeshashindwa, inatoka filamu ya Kolberg, yumo tena, anawaambia watu wapigane mpaka wa mwisho. Hapo katikati alikuwa mkuu wa Schiller Theater, ukumbi wa maigizo pale Berlin. Karibuni.

MCHANGIAJI WA KWANZA
Mkuu umeeleza vizuri ila umeruka mwisho wake. Warusi walimkamata 1945, akawekwa kwanza kambi ya Hohenschönhausen halafu ya Sachsenhausen, iliyokuwa ya Manazi kabla Warusi hawajaichukua, na akafia humo 25 Septemba 1946, ana miaka 52. Mtu mkubwa vile akaisha kwa njaa na ugonjwa. 1998 Urusi yenyewe ikamsafisha jina. Mabaki yake yalikuja kupatikana miaka ya tisini huko, yakatambuliwa kwa vipimo vya DNA, ndipo akazikwa Zehlendorf, Berlin, kama binadamu. Ameshalipa, tena amelipa zaidi ya wengi. Veit Harlan aliyeongoza hiyo Jud Süß alishtakiwa Hamburg akaachiwa, wakamrudia akaachiwa tena, akaendelea kutengeneza filamu. Sasa mwigizaji ndiye abebe?

MCHANGIAJI WA PILI
Naunga mkono aliyetangulia. Na kuna jambo watu hawalisemi, pale Schiller Theater aliwaficha watu. Günther Weisenborn aliyekuwa kwenye upinzani wa siri alipata kazi pale, na Wilhelm Fraenger aliyefukuzwa kazi na Manazi naye alimpokea. Mtu wa chuki tupu hawezi kufanya hivyo. Alikuwa na mke mwigizaji, Berta Drews, na watoto wadogo, yule Götz alikuwa na miaka minane baba anafariki. Nyie mnaohukumu leo mmekaa na simu zenu, mngefanya nini?

MLETA MADA
Dada yangu hilo swali nimejiuliza sana na silipuuzi, kwa hiyo nitakujibu kwa watu waliokuwepo siku zilezile, nisitumie akili ya leo.

Conrad Veidt, mwigizaji mkubwa vilevile, 1933 aliondoka na mke wake Myahudi, akaanza upya kwa Kiingereza. Joachim Gottschalk, kipenzi cha wanawake wa Ujerumani nzima, aliambiwa amwache mke wake Myahudi, akakataa, na Novemba 1941 yeye, mke na mtoto wao wakafa pamoja kwa gesi ya jikoni kabla mke na mtoto hawajapelekwa kambini. Na Hans Otto, mwigizaji wa jukwaani pale Berlin, mkomunisti, alikamatwa na kuteswa na akafa Novemba 1933. Brecht, yule mwandishi wa tamthilia, akiwa uhamishoni alimwandikia Heinrich George barua ya wazi, akimuuliza mwenzako Hans Otto yuko wapi. Kwa hiyo asitokee mtu aseme hakujua. Na Hollywood alishafika, 1931 alicheza kule filamu ya wafungwa kwa Kijerumani, njia ya kutoka aliijua. Wale aliowaficha nawakubali, ni jambo la heshima na liandikwe. Lakini watu wawili watatu ofisini na watu milioni 20 ukumbini, mizani naiona inalalia wapi.

MCHANGIAJI WA TATU
Mimi kinachonikera ni sisi Waswahili kulia na mambo ya Wajerumani wakati ya kwetu yapo humohumo. Manazi hao hao 1941 walitengeneza filamu ya kumsifia Carl Peters, mkoloni wa Kijerumani huku kwetu, yule babu zetu walimwita Mkono wa Damu, na Hans Albers akamcheza kama shujaa. Mbona huyo hajatajwa?

MLETA MADA
Kaka asante, umenifungulia mlango ambao nilikuwa nauzungukia tangu mwanzo. Kwenye filamu hiyo ya Carl Peters yumo Mswahili wetu, Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904, mtoto wa askari wa Mjerumani, na yeye mwenyewe aliingia vitani akiwa bado mtoto. 1929 akaenda Berlin kudai mishahara ya baba yake na yake iliyokuwa haijalipwa, wakamkatalia. Akabaki. Akafanya uhudumu kwenye mgahawa, akafundisha Kiswahili chuo kikuu, na akaigiza filamu zaidi ya ishirini, mara nyingi ni boi, mbeba mizigo, mtu wa kupita nyuma ya mzungu. Kwenye Carl Peters ndipo alipata nafasi kubwa kidogo, ya mkalimani. Mwaka huohuo wa 1941 wakamkamata kwa sababu ya uhusiano na mwanamke mzungu, bila kesi, wakampeleka Sachsenhausen. Akafa humo 24 Novemba 1944.

Sachsenhausen, wakuu. Eneo lilelile ambalo Heinrich George alikuja kufia miaka miwili baadaye. Hapo ndipo jamaa yangu alipotaka niseme basi wote ni wahanga. Mimi naona haiwezekani. George alikufa vibaya, kambi ile ya Warusi iliua watu kama 12,000 na hakuna aliyestahili kufa vile. Lakini George aliombwa acheze akacheza, jina lake likiwa juu kwenye bango, na Husen alicheza ale, wakamla yeye. Miaka mingi mmoja aliandikiwa vitabu, na mwingine hata sisi watu wa Dar hatukumjua.

MCHANGIAJI WA PILI
Hapo kwa Husen umenigusa, sikuwahi kumsikia. Ila bado nasema kumtazama George si dhambi. Götz mwanae, ambaye naye alikuja kuwa staa mkubwa wa televisheni, 2013 alimwigiza baba yake mwenyewe kwenye filamu, na mbele ya kamera alikuwa anamtetea na kumuuliza maswali kwa wakati mmoja. Kama mtoto ameweza, sisi tunaweza.

MLETA MADA
Nakubaliana na wewe asilimia mia dada, atazamwe. Sijasema afutwe hata mara moja. Nachokataa ni ile sentensi ya "alikuwa msanii tu". Kule kambini aliendelea kuigiza, aliwakusanya wafungwa wenzake wakacheza Faust, tamthilia ya Goethe, wakiwa na njaa, na hilo linanitoa machozi kabisa, nalisema bila aibu. Lakini likae ukurasa mmoja na yale makofi ya kwenye Quex.

MCHANGIAJI WA NNE
Niko Berlin mwaka wa sita. Baada ya kusoma hapa nimeenda Brunnenstraße namba 193. Lipo jiwe dogo la ukumbusho la shaba chini ya miguu, kama upana wa kiganja, limeandikwa jina la Husen, mwaka wa kuzaliwa, kambi na siku aliyokufa. Lilikuwa limefifia, nimelifuta kwa leso mpaka likang'aa. Kuna bibi mmoja wa Kijerumani akasimama akaniuliza ni ndugu yako? Nikamwambia ndiyo.