Tupeane uzoefu: gari kuukuu na mlio usiojulikana unakotoka

Mleta mada (Njiro, Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, nimeachiwa na baba mdogo. Mwezi wa tatu ikaanza kugonga mbele. Kong! Kong! Kwenye lami kimya kabisa, ukiingia barabara ya vumbi kwa mwendo mdogo ndiyo inaanza. Mimi nasikia kulia, mama watoto anasikia kulia, hata jirani niliyempa lifti akasema, "Kaka, mguu wako wa kulia una shida."

Fundi wa kwanza alikandamiza boneti mara mbili, akatoa hukumu: shokapu. Nikanunua za mtumba, laki na themanini pamoja na ufundi. Kong iko palepale. Wa pili akasema bushi za kontroo amu, zile raba za mkono unaoshikilia tairi, zikatolewa, zikapigwa mpya. Gari ikatulia barabarani, hilo sikatai, ila kong haikuondoka.

Wa tatu ni mzee mmoja huko Sombetini, gereji yake ni mti na mabati manne. Nikamwambia, "Shikamoo mzee, gari inagonga mguu wa kulia." Akasema, "Marahaba. Mguu uache kwanza. Inagonga lini?" Nikakwama. Ukikata kona? Ukishika breki? Ukipanda tuta kwa tairi mbili au moja? Nilikuwa nimeshatumia pesa zote hizo na majibu ya maswali hayo sina.

Tukaenda kuijaribu. Tairi zote mbili za mbele zikipanda tuta kwa pamoja, kimya. Tairi moja ikiingia shimoni peke yake, kong! Mzee akacheka. Tukarudi, akajilaza chini gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, bila jeki, akashika linki ya stabilaiza, kile kijiti kinachounganisha chuma cha kuzuia gari isilale na mguu wa tairi, kwa vidole huku kijana wake anaitikisa gari ubavuni. "Njoo uweke kidole hapa." Nikaweka. Inacheza kama jino la mtoto linalotaka kung'oka. Akanieleza kwamba kile chuma kinafanya kazi pale tu tairi moja inapopanda na mwenzake kubaki chini, ndiyo maana kwenye tuta la kunyooka kilikuwa kinanyamaza.

Na linki yenyewe ilikuwa ya KUSHOTO. Sauti inasafiri kwenye bodi, inakuja kutokea upande mwingine. Bei yake haikufika hata robo ya zile shokapu.

Leteni ya kwenu.

Mdau wa Marangu

Meku, pole. Mimi ninayo Land Rover 110, inashusha ndizi sokoni Mbuyuni. Ikawa inalia kwi-kwi-kwi kama kifaranga kilichopotezana na mama yake, mwendo wa polepole tu. Ukikoleza unaona imepona, kumbe kelele za dizeli zimeimeza. Abiria mmoja aliwahi kuniuliza kama nimebeba kuku kwenye tenga.

Ilikuwa krosi ya propela, kile kiungo cha shafti inayopeleka nguvu kwenye magurudumu. Ukiingia chini unaona vumbi jekundu la kutu limetapika kwenye vikombe vyake, ujue grisi ilishaisha siku nyingi. Kabla ya kifaranga kulikuwa na dalili nyingine nikaidharau: ukiachia klachi kuondoka, "dung!" moja. Nilibadilisha krosi mbili. Sasa hivi kila nikimwaga oili napiga na grisi.

Dada wa Kibosho

Yangu haichekeshi. Nilibadilishiwa tairi Moshi mjini baada ya pancha, nikaondoka kuelekea Boma Ng'ombe. Polepole inasema tok, tok, tok. Nikiongeza mwendo inapungua, nikajua ni kijiwe kimenasa kwenye kashata za tairi. Nikaendelea, redio juu.

Karibu na Weruweru usukani ukaanza kutetema mikononi. Nikasimama pembeni. Nati tano za gurudumu la nyuma: mbili nilizifungua kwa vidole, kama kifuniko cha soda. Ya tatu haikuwepo. Matundu ya rimu yalikuwa yameshaanza kupanuka, yana vumbi linalong'aa la alumini.

Tangu siku hiyo wili spana inakaa chini ya siti yangu, sio kwenye buti. Nikitoka kwa fundi wa tairi naendesha kidogo, nasimama, nakaza mwenyewe. Wanaume wanaonishangaa waendelee tu.

Chalii wa Sakina

Duh, dada pole sana. Yangu ni aibu tupu. Ilikuwa inagonga nyuma nikasema nibadilishe shokapu za nyuma. Nimeshalipa, fundi anafungua buti kupata nafasi, anakuta jeki haijafungwa, inacheza kwenye kitanda chake. Akaifunga. Kelele zikaisha. Shokapu nikaambiwa, "Hizi zako bado nzima arifu, uzifunge au?"

Mdau wa Usa River

Kuna mtu ana mlio wa uuuuu kama ndege inatafuta uwanja wa KIA? Unakua kadiri ya mwendo. Nikiweka nyutro gari ikiwa inatiririka, bado upo, kwa hiyo sio injini. Hiyo ni beringi ya gurudumu. Kwenye barabara iliyo wazi, yumbisha usukani kidogo: ukienda kushoto uzito unalalia kulia, mlio ukizidi, ya kulia ndiyo mbovu.

Mdau wa Pasua

Mkuu, usimpeleke mtu kununua beringi haraka. Tairi iliyoliwa vibaya inalia hivyohivyo. Hamisha tairi za mbele ziende nyuma. Mlio ukihama nazo, ni tairi. Mimi nilibadilisha beringi mbili nzima kabisa kwa ujuaji wa namna hiyo.

Mdau wa Usa River

Sawa, hilo nakubali. Lakini kwenye kuyumbisha, tairi mara nyingi haibadilishi sauti.

Mzee wa Kijenge

Vijana, niongeze moja ya zamani. Nilikuwa na Corolla DX ya kabureta. Huku Arusha, mita kama 1,400 juu ya usawa wa bahari, fundi aliiona nzito akaisogeza taimingi mbele, yaani mafuta yawashwe mapema kidogo, ikawa nyepesi, nikafurahi. Nikashuka nayo Tanga kwenye msiba. Kila nikikanyaga mafuta kupanda kilima: kengele-kengele-kengele, kama sarafu kwenye kopo. Nilidhani injini inakufa. Kumbe hewa ya pwani ni nzito, silinda inashiba zaidi, na ile taimingi ya mlimani inawasha mafuta mapema mno. Fundi wa Tanga alilegeza boliti moja ya distributa, kile kifaa kinachogawa moto kwenye plagi, akaizungusha kiasi cha unene wa ukucha. Basi. Niliporudi Arusha ikawa nzito tena, nikaiacha hivyohivyo.

Mdau wa Ngaramtoni

Shikamoo mzee. Wakuu nisaidieni na mimi. Baridi hii ya Julai, asubuhi nikiwasha Carina inapiga kelele kama nguruwe anachinjwa, dakika moja, halafu inanyamaza hadi kesho. Fundi anasema wota pampu.

Mleta mada

Ukiwasha taa na feni, kelele zinazidi? Kama zinazidi ni mkanda wa altaneta. Kesho asubuhi mtu awashe, wewe nyunyizia maji kidogo kwenye mkanda kwa chupa, kwa mbali; kelele zikikatika, ni mkanda. Mikono na mikono ya sweta ikae mbali na feni, tafadhali.

Mdau wa Ngaramtoni

Nimefanya leo saa kumi na mbili na nusu. Nilipomwaga imenyamaza kama sekunde tatu, ikarudi. Nimeangalia mkanda kwa tochi, kwa ndani umepasukapasuka kama kisigino cha mtu wa shamba. Fundi nimempigia, anasema, "Tuubadilishe, na wota pampu vilevile." Nimemwambia tuanze na mkanda.